Diski ilizaliwa isahau

Wadau, leo hakuna video. Leo ni kusoma tu. Na naanza na neno ambalo mafundi wenzangu wa kamera watanirukia: hapa Msambweni, harusi za miaka ya tisini zinaonekana mpaka leo, lakini harusi nyingi za juzi juzi, za 2014 au 2015, hazipo tena. Za zamani zipo, za kisasa zimepotea.

Kama unabisha, fanya hivi. Nenda nyumba ya watu wazima, popote kutoka Gazi mpaka Ramisi, uulize kaseti ya harusi ya mama. Utatolewa sanduku. Ndani kuna kaseti nyeusi za VHS, zimeandikwa kwa kalamu jina la bi harusi na tarehe. Halafu muulize binti wa nyumba hiyohiyo harusi yake iko wapi. Atakwambia ilikuwa kwenye DVD, ikakwaruzika. Au kwenye flashi, ikapotea. Au "waulize wale wa studio". Na studio ukienda, washaifuta.

Wengi husema huo ni uzembe wa studio. Mimi naona jambo lilianza mbali zaidi. Ukifuata historia ya mashine ya kurekodi video kwenye diski, utaona haikutengenezwa ikumbuke kitu. Ilitengenezwa isahau haraka.

Turudi 1956. Mwezi wa Aprili, mjini Chicago, kampuni ya Ampex ilionyesha mashine yake ya kurekodi video kwenye utepe wa sumaku wenye upana wa inchi 2. Bei yake ilikuwa karibu dola 50,000 za wakati huo. Kabla ya hapo televisheni nyingi zilikuwa laivu: kipindi kikiisha kimeisha, na ukitaka kukihifadhi ilibidi uweke kamera ya filamu mbele ya kioo. Novemba mwaka huohuo CBS wakaitumia mashine hiyo kurusha taarifa ya habari kwa watu wa magharibi ya Marekani, saa chache baada ya mashariki kuiona.

Sasa angalia hii. Mwaka uleule wa 1956, Septemba, IBM nao wakatangaza kompyuta ya RAMAC, ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Ilikuwa na sahani 50, kila moja inchi 24 kwa upana, na uzito wake ulipita tani moja. Zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Picha moja tu ya simu yako ya leo inaweza kulijaza dude lile lote.

Kwa hivyo utepe wa video na diski ngumu ni watoto wa mwaka mmoja. Ila utepe ulipewa picha, diski ikapewa hesabu za maofisini. Video ilikuwa nzito mno kwa diski.

Diski ilipoingia kwenye video iliingia kupitia michezo. Mwaka 1967 Ampex walitoa mashine iliyoitwa HS-100, na ABC ya Marekani wakaitumia kwenye mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Ilirekodi sekunde 30. Ndo hizo tu. Ikifika mwisho inaandika upya juu ya zile za mwanzo, inazunguka hivohivo. Kazi yake ilikuwa moja: kitu kikitokea, mtangazaji airudishe haraka, aionyeshe polepole, kisha waendelee. Utepe haungeweza hivyo kirahisi, manake utepe lazima uuzungushe kurudi ulipotoka. Diski inaruka moja kwa moja pale unapotaka.

Hapo ndo pana kiini cha habari yote. Nguvu ya diski ni kuruka na kufuta. Mwaka 1989 Avid wakatoa mfumo wa kuhariri kwenye kompyuta, mhariri akawa anakata bila kuzungusha utepe. Mwaka 1994 ikaanzishwa EVS kule Ubelgiji, wakajenga jina kwa mashine za diski za kurudisha matukio ya mpira. Ukitazama goli likirudiwa mara tatu kabla mpira haujawekwa katikati, kazi ya namna hiyo. Zote hizi ni za kazi ya sasa hivi. Kazi ya kuweka iliachiwa utepe.

Kwetu je? Kenya ilipata televisheni mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika likawa Sauti ya Kenya, picha ya rangi ikaja 1978, na mwaka 1989 likarudi kuitwa KBC. Muda wote huo, mtu wa Pwani Kusini alikuwa mtazamaji. Kamera ilikuwa ya serikali, nayo ilikuja rais akija.

Kilichobadilisha mambo ni VHS, aliyoitoa JVC ya Japani mwaka 1976. Ilipofika Pwani, fundi mwenye kamera ya begani na deki mbili aliweza kufungua kazi. Na zingatia biashara yenyewe ilivyokuwa: kaseti ndiyo ilikuwa bidhaa. Fundi alirekodi, akanakili, akakukabidhi kitu kinachoshikika mkononi. Kaseti ya E-180 ilichukua saa 3. Na nyuma yake kulikuwa na kijipande cha plastiki: ukikivunja, deki haikubali kurekodi juu yake tena. Mama zetu walikijua hicho kijipande vizuri sana. Kuvunja plastiki ile ilikuwa ni kusema: hii harusi haifutwi.

Sitaki kuipamba kaseti kupita kiasi. Vituo vikubwa vilifuta utepe pia, kwa sababu ulikuwa ghali. BBC walifuta vipindi vyao vingi vya miaka ya sitini na sabini ili watumie utepe upya. Hewa yetu ya chumvi na unyevu inaotesha ukungu mweupe ndani ya kaseti. Na mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS, kwa hivyo hata zile nzima zinakosa mashine ya kuzichezesha. Lakini sanduku lipo, na fundi mwenye deki ya zamani bado unaweza kumpata. Faili iliyofutwa na kuandikwa juu utaitafuta kwa nani?

Diski ilipotufikia ilikuja imenyooka kibei. Mwaka 2011 Blackmagic Design ya Australia walitangaza HyperDeck Studio kwa chini ya dola 1,000. Ni boksi bapa la kuweka kwenye rafu, lina nafasi mbili za kuingizia diski za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka. Kutoka dola 50,000 mpaka chini ya 1,000, na picha safi kupita ile ya Ampex kwa mbali. Walahi hilo si jambo la kudharau. Limefanya vijana wa Ukunda na Msambweni tufanye kazi ambayo zamani ilihitaji gari la matangazo kutoka Nairobi.

Kuiweka si kazi ngumu. Unatoa waya wa SDI kwenye kamera au kwenye meza ya kuchanganya picha, unaingiza kwenye boksi. Unachagua fremu 25 kwa sekunde, manake stima yetu ni ya hezi 50, na ukichagua 30 taa za ukumbini zinaweza kukuchezea. Diski unaifomati kwa exFAT ili isome kwenye Windows na kwenye Mac. Unasawazisha saa ya kila kamera ili kuhariri kusikutese. Unarekodi dakika moja ya majaribio, unairudisha, unasikiliza sauti, siyo picha tu. Boksi unaliweka kwenye betri ya akiba, manake stima yetu unaijua. Diski ya kwanza ikijaa, mashine inahamia ya pili yenyewe. Na usichomoe diski kabla hujasimamisha kurekodi, faili haitakuwa imefungwa vizuri.

Sasa hesabu, na hapa ndo harusi zinapopotelea. Ukirekodi kwa ProRes 422, picha ya 1080 kwa fremu 25, ni kama megabiti 122 kila sekunde. Hiyo ni gigabaiti 55 kwa saa. Diski ya gigabaiti 500 inajaa kwa saa 9 hivi. Na harusi yetu si ya saa 9. Kuna ngoma, kuna kupamba, kuna nikahi, kuna karamu. Siku tatu za saa tano tano ni zaidi ya gigabaiti 800. Wiki inayofuata kuna harusi nyingine Diani, na diski ni zilezile mbili. Fundi afanyeje? Anakata video ya mteja, anambana kwenye flashi, halafu anabonyeza fomati.

Zamani kila harusi ililipia kaseti zake. Siku hizi diski ni ya fundi, kwa hivyo anaitumia tena na tena. Sisi wateja tukafurahia bei kushuka, hatukuuliza ni kitu gani tumeacha kununua.

Mwaka jana mama mmoja jirani alinijia. "Mwanangu, wewe wajua mambo ya kompyuta. Nataka ile hotuba ya marehemu mume wangu, siku ya kumuoza binti yetu." Flashi ilikuwa imekufa. Studio iliyopiga picha ilimwambia ukweli: walishafomati zamani. Yule mzee alizungumza Chidigo kile cha ndani, chenye methali, ambacho mimi nakielewa nusu. Mama hakuwa anataka picha kali. Alitaka sauti. Nilimjibu, "Pole mama, hii haipatikani," na sikuwa na la kuongeza.

Mtu atasema ni mambo ya familia hayo, historia ni kitu kingine. Kwani historia yetu imeandikwa wapi? Wamakonde wa Kwale, waliotoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa miaka na miaka bila vitambulisho. Oktoba 2016 wakaanza safari ya miguu kwenda Nairobi, na mwisho wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Picha tulizoziona runingani zililetwa na vituo vyenye makao Nairobi. Lakini maisha yao ya kabla ya safari ile, ngoma zao, harusi zao, wazee wao wakihadithia walivyofika, hayo yangeweza kuwa kwenye diski za mafundi wa huku. Mtu akikuuliza umetoka wapi, cheti huna, video ya babu akizungumza si kitu kidogo.

Kuna hoja moja naiheshimu. Kupamba ni shughuli ya wanawake, wamevua mabuibui, wamejiachia. Hawataki picha zao zikae kwenye diski ya mtu wasiyemjua, na wana haki. Hapo kufuta ni adabu. Lakini jibu lake ni kumkabidhi mwenyewe video yake nzima, halafu fundi afute ya kwake. Tunachofanya sasa ni kinyume: tunampa kipande cha dakika 40 kilichopambwa nyimbo, halafu tunafuta saa 15 bila kumuuliza.

Kwa hivyo mafundi, mimi nikiwemo, tuweke diski ya mteja kwenye bei, kwa mstari wake. Diski ya nje ya kawaida, ya sahani, siyo lazima SSD. Kama ni kubwa mno, hotuba na ngoma zipunguzwe mpaka megabiti 20 kwa sekunde, hiyo ni gigabaiti 9 tu kwa saa, na bado inaonekana vizuri. Nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Jina la faili liwe na tarehe, mahali na watu, siyo "HARUSI MPYA 2 MWISHO". Na kitufe cha fomati kisiguswe mpaka mteja aseme amepokea na amefungua.

Na wewe mwenye shughuli, kabla ya kulipa uliza swali moja: zile saa zote zilizorekodiwa, nazipata lini? Fundi akicheka, tafuta mwingine. Na kama nyumbani kuna kaseti ya sengenya ama ya harusi ya bibi, isitupwe kwa sababu deki imekufa. Deki moja nzima ikipatikana Msambweni inatosha kuzitoa zote, na diski ya kuziweka, safari hii, inunuliwe na wenye harusi.