Kiyunani Bila Mwalimu

Mwaka 1738 John Brown, kijana mchunga kondoo wa Uskoti, alitembea usiku hadi St Andrews kununua Agano Jipya la Kiyunani. Alijifunza lugha hiyo peke yake, akilinganisha majina katika Maandiko, herufi kwa herufi. Profesa aliyemkuta dukani akaahidi kumpa kitabu bure akiweza kukisoma. Akakisoma. Lakini wapo waliosema kafundishwa na shetani.

Leo vitabu vya zamani, kama cha H. P. V. Nunn cha mwaka 1914, vinapatikana bure mtandaoni. Vingine vina majibu ya mazoezi. Sisi tuliofundishwa Kiyunani chuoni tukakisahau, tuna udhuru gani? Tujaribu kwanza, ndipo tuyatazame majibu, tukubali kusahihishwa. Mbele ya Neno sote ni wanafunzi.