Jina na Mwaka: Nani Huandikwa Ndani ya Mabano?

Mtindo wa kutaja marejeo kwa jina la mwandishi na mwaka wa kuchapishwa haukuzaliwa katika idara za lugha wala za historia. Uchunguzi wa Chernin (1988) uliifuatilia asili yake hadi makala ya mwaka 1881 ya Edward Laurens Mark, mtaalamu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard, iliyohusu mayai ya konokono asiye na gamba. Kwa wataalamu wa fani hiyo mabano yalitosha: aliyeona jambo ndiye aliyeliandika, na mwaka ulionyesha nani alitangulia.

Katika maandishi ya Kiswahili mambo hayo mara nyingi huachana. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao tangu 1966 huitwa Lubumbashi, André Yav alitunga historia ya mji huo kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, akiusimulia utawala wa Wabelgiji kwa macho ya waliowapikia na kuwafulia. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi, akisaidiwa na Kalundi Mango.

Tangu hapo ni rahisi kuandika «Fabian 1990» na kuendelea. Kosa si la mhariri, kwani jina la Yav limo katika kichwa cha kitabu chenyewe. Lakini mwanafunzi anayemtafuta Yav katika orodha ya marejeo chini ya herufi Y hamwoni, na maneno yaliyoandikwa miaka mitano tu baada ya uhuru huonekana kuwa ya robo karne baadaye. Mwandishi amegeuzwa kuwa mada.

Mwaka nao waweza kupotosha hata pale jina linapohifadhiwa. Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) mwaka 1887, alifariki mwaka 1905. Hata hivyo anayetumia toleo la 1966 la maisha yake hulazimika kuandika «Tippu Tip 1966», kana kwamba marehemu alishuhudia uhuru wa Kongo.

Dawa yake si kuuacha mtindo huu, ambao humwezesha msomaji kukifikia chanzo upesi. Yatosha kutenganisha kazi mbili: «Yav 1965, katika Fabian 1990» kwa maneno ya Yav, na «Fabian 1990» kwa hoja za Fabian peke yake. Vivyo hivyo, mwaka wa utungaji utangulie mwaka wa toleo pale unapojulikana.

Nyongeza hiyo ni ya maneno machache, lakini faida yake si ndogo. Atakayehesabu majina ndani ya mabano ili kujua nani waliiandika historia ya Kongo kwa Kiswahili, awakute Wakongo wenyewe mahali pao.