Deni Halali kwa Fedha Iliyokufa: Shida, Biashara na Ulaghai nchini Zaire, 1973–1998

Utangulizi

Katika mazungumzo ya wasomi, na hata ya watu wa kawaida hapa Kindu, husikika mara kwa mara hukumu moja: kwamba njaa ya miaka ya Mobutu iliwafundisha Wakongo wizi, na kwamba tangu hapo biashara ya nchi hii haina maadili. Hukumu hiyo hutamkwa hata na wazee walioishi wakati ule, nao huitamka kama watu wanaoungama. Makala haya yanakusudia kuichunguza. Tunadai kwamba umaskini peke yake hautoshi kueleza yaliyotokea, kwani watu wa Maniema walikwisha kuwa maskini zamani, wakakopeshana na kulipana. Kilichoharibu biashara ni kuvunjika kwa kipimo, yaani fedha ambayo thamani yake haikudumu toka asubuhi hadi jioni. Pale kipimo kinapovunjika, mwaminifu na mlaghai hufanana kwa sura ya nje. Ushahidi wetu ni wa kihistoria, lakini kwa kuwa kazi yetu ni lugha, hatutaacha kuyatazama maneno yenyewe.

Mali bila jasho

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni ndogo na za wastani zilizokuwa mikononi mwa wageni zingetwaliwa na kupewa Wazaire. Waliopewa waliitwa, kwa Kifaransa cha utawala wa wakati ule, acquéreurs. Wengi wao walikuwa watu wa chama na jamaa za wakubwa, si wafanyabiashara. Inajulikana yaliyofuata: shehena iliyokuwemo dukani iliuzwa, fedha ikatumiwa, wala bidhaa nyingine haikuagizwa. Mikopo kwa walioleta mali ilibaki bila kulipwa, na rafu zikabaki tupu. Bei ya shaba nayo ikaanguka mwaka 1974, na kufikia 1976 serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali zao. Wengi hawakurudi.

Hapa yafaa kumtaja jirani. Nchini Uganda, Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, waliogawiwa maduka yao walipewa na umma jina la mafuta mingi, jina la Kiswahili katika nchi ambayo wengi hawakukipenda Kiswahili, na biashara ya mlango wa nyuma ikaitwa magendo. Nchini Tanzania, katika kampeni ya mwaka 1983 iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali yenyewe ndiyo iliyotoa majina: mlanguzi, mhujumu uchumi. Lawama ilishuka kutoka juu. Kwetu Zaire ilikuwa kinyume chake. Katika hotuba yake ya mwezi Mei 1976 Mobutu aliwaambia wananchi, kwa maana, kwamba anayeiba na aibe kidogo na kwa akili. Mnamo Novemba 1977 yeye huyohuyo alisimama mbele ya chama chake akalaumu kwamba kila kitu nchini kinauzwa na kununuliwa, na kwamba cheo kimekuwa bidhaa. Hotuba ya pili ni ya kweli kabisa, ndiyo maana inachukiza: daktari ndiye aliyeuleta ugonjwa.

Katika mazingira hayo ndipo kilipostawi kifungu cha 15. Katiba ya nchi haikuwa na kifungu kinachosema raia ajitegemee kwa njia aijuayo. Masimulizi ya watu hukihusisha na dola ya Kasai Kusini iliyojitenga mwaka 1960 chini ya Albert Kalonji, na katika miaka ya 1980 mwanamuziki Pépé Kallé alikifanya wimbo. Ni sheria ya mzaha, lakini mzaha wenye sarufi yake. Kiswahili chetu cha Maniema kilikipa kitenzi kujitafutia. Tazama umbo lake: kuna kiambishi cha kujirejea na kuna mnyambuliko wa kutendea, lakini kitenzi hakilazimiki kutaja kinachotafutwa. Huenda ni mchele, huenda ni saini ya mkubwa. Hata hivyo, na jambo hili ni muhimu kwa hoja yetu, wazungumzaji hawakuwahi kukichanganya na kuiba. Mwalimu asiyelipwa aliyeuza maandazi darasani alikuwa akijitafutia, lakini mwalimu aliyeuza mtihani alisemwa.

Neno matabishi lilipata safari kama hiyo. Asili yake ni Kireno, mata-bicho, kinywaji cha asubuhi cha «kuua mdudu». Kongo likawa zawadi ndogo kwa mtumishi, kisha rushwa kwa karani. Lakini sokoni halikuacha maana yake njema: konzi moja ya mchele anayoongeza muuzaji juu ya kopo lililokwisha kujaa. Neno moja, mikono miwili. Aliyepokea matabishi ofisini asubuhi aliweza kutoa matabishi sokoni jioni, wala asione mgongano wowote.

Kipimo kilichovunjika

Zaire ya fedha ilipoanzishwa mwezi Juni 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Pigo la kwanza ambalo kila kaya ililisikia lilikuja sikukuu ya Noeli, 25 Desemba 1979, serikali ilipofuta noti za zaire 5 na zaire 10 na kutoa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Fikiria mkulima wa mpunga aliyeweka akiba yake ndani ya chungu, mbali na benki yoyote. Hakuibiwa na mchuuzi. Aliibiwa na tangazo la redio. Kwa maoni yetu, mtu anayetafuta mlaghai wa kwanza katika historia hii aanze hapo, si sokoni.

Maniema ilikuwa na tegemeo jingine, nalo ni bati. Makampuni ya madini, pamoja na ile ya Kalima, yaliunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI, na mshahara wake ulilisha familia nyingi, za Kindu pia. Mwezi Oktoba 1985 soko la bati la dunia liliporomoka baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kushindwa kulipa madeni yake huko London. Mahali pa mshahara pakachukuliwa zaidi na zaidi na sululu ya mchimbaji binafsi, na pamoja na mchimbaji akaja mnunuzi mwenye mizani yake. Kuchanganya mchanga katika kasiteriti, kupinda mizani, kuponda kitako cha kopo ili lijae upesi: hila hizi zilijulikana, na dawa yake ilijulikana pia. Mnunuzi aliosha mchanga upya, na mama sokoni aliligeuza kopo na kulipapasa kwa kidole. Ulaghai wa kopo una mpaka kwa sababu kopo laonekana.

Fedha haikuonekana hivyo. Mwaka 1992 ulipokwisha, noti ya zaire 5,000,000 ilikuwa ikiingizwa sokoni. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alisema si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakapora Kinshasa mwezi Januari 1993, kama walivyokuwa wamepora mwezi Septemba 1991. Mwezi Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, na zaire mpya tatu kwa dola. Msomaji apige hesabu: kutoka nusu zaire kwa dola hadi zaire 9,000,000 kwa dola, katika miaka 26. Kasai waliikataa zaire mpya wakaendelea na noti kuukuu kwa miaka kadhaa, na mfumuko wa bei wa mwaka 1994 ulipita asilimia 9,000. Mwaka 1998, ilipoletwa faranga ya Kongo, faranga moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000.

Sasa tuulize swali la maadili. Mtu amekopa bei ya gunia la mchele kwa ahadi ya kulipa baada ya miezi mitatu. Siku ikifika, analeta hesabu kamili, noti kwa noti, mbele ya mashahidi. Kwa sheria ametimiza neno lake, lakini kwa kweli ameleta bei ya kopo chache. Mzee mmoja wa Kindu aliyeuza mchele miaka hiyo alitueleza kwamba waliomfilisi si waliokimbia na deni lake, bali waliolipa. Aliyekimbia aliona haya na baadhi yao walirudi, ila aliyelipa hesabu kamili hakuwa na haja ya kuona haya. Hili ndilo tunaloliita kuvunjika kwa kipimo: uaminifu wa tarakimu ukawa wizi, na anayedai zaidi ya alichoandika akaonekana mlafi.

Watu hawakukaa kimya. Madeni yakaanza kuhesabiwa kwa gunia, kwa dumu la mawese, na baadaye kwa dola. Likelemba, mchango wa zamu, ilipunguza muda wa mzunguko wake, kwani anayepokea wa mwisho alipokea hewa. Duara la kukopeshana likajikunja mpaka ndugu, jirani na watu wa dini moja. Kwenye mashimo ya dhahabu ya mashariki sarafu kuukuu, zisizonunua hata njiti ya kiberiti, ziliendelea kuaminiwa kama mawe ya kupimia, pamoja na hizo njiti zenyewe. Sarafu ilipokufa kama fedha, uzito wake haukufa.

Bindo na nduguze

Ni katika hali hiyo tu ndipo tunapoielewa Bindo. Kati ya mwaka 1990 na 1991 Michel Bindo alipokea fedha za wakazi wa Kinshasa kwa ahadi ya kuwarudishia mara kadhaa katika muda mfupi, na waigaji wake wakazuka. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, na mwaka 1991 mchezo ukaanguka. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki aliuita «bindomanie» katika makala yake ya mwaka 1992, akiufungamanisha na machweo ya Jamhuri ya Pili. Wengi wamewacheka walioweka fedha zao humo. Hatuoni sababu ya kicheko. Pale ambapo noti iliyolala sandukuni inakufa yenyewe, kumpa mtu anayeahidi muujiza si upumbavu mkubwa kuliko kuiweka. Aliyekataa naye alipoteza, ila kwa kimya.

Wala jambo hili si la Wakongo peke yao. Nchini Urusi bei ziliachiwa huru mwezi Januari 1992, akiba za maisha mazima zikayeyuka, na kabla ya miaka mitatu kupita mamilioni walikuwa wamenunua hati za kampuni ya MMM ya Sergei Mavrodi, iliyoanguka katikati ya mwaka 1994. Watu waliosoma, wenye nchi yenye vyuo na roketi, walisimama foleni ileile ya Kinshasa. Mfano wa DECI nchini Tanzania, uliovunjika mwaka 2009, watofautiana kidogo, kwani shilingi ilikuwa haijafa. Kilichowavuta watu ni lugha ya kanisa na shamba: mwanachama «alipanda mbegu» akangoja «kuvuna». Mlaghai, kama mshairi, huchukua maneno yake pale ambapo watu bado wanaaminiana.

Leo Kindu faranga ya Kongo na dola huishi pamoja. Noti ya faranga iliyochakaa mpaka rangi yake haijulikani hupokelewa bila neno, mradi ni ya kununua mboga. Dola hupimwa upya kila inapobadili mkono: mbadilishaji huinyanyua kwenye mwanga, hupitisha kidole kwenye kingo zake zote nne, na akikuta mchaniko wa upana wa ukucha huirudisha. Noti ya dola moja haitaki kabisa, hata ikiwa mpya. Ukimwuliza sababu, atakuonyesha kopo la mchele la jirani yake na kukuambia ulipapase kitako.