Endometriosi ya ngozi: kivimbe kinachouma kila mwezi

Endometriosi ni ugonjwa ambamo nyama inayofanana na utando wa ndani ya tumbo la uzazi inaota mahali pengine mwilini. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba unapata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Kwa kawaida unakaa ndani ya tumbo; mara chache unatokea kwenye ngozi.

Unatokea wapi?

Mara nyingi kwenye kovu la upasuaji, hasa la sezarieni. Chembe za utando zinaweza kubaki katika jeraha, zikashika na kukua. Kivimbe kinaonekana miezi ao miaka kadhaa baadaye, wakati mama amekwisha kusahau operesheni. Kwa wengine kinatoka kitovuni bila upasuaji wowote. Hicho kinaitwa kivimbe cha Villar, kwa jina la Mfaransa aliyekieleza mwaka wa 1886.

Dalili

Ni kivimbe kigumu, chenye rangi ya ngozi, ya kahawia, ya buluu ao nyekundu. Kinavimba na kuuma siku za hedhi, pengine kinatoa damu, kisha kinatulia. Lakini kwa wanawake wengine maumivu hayafuati mwezi. Kwa hiyo kinadhaniwa kuwa keloidi, jipu ao henia.

Mama aandike kwenye kalenda siku za hedhi, za maumivu na za damu, na kumwonyesha daktari. Amwambie pia kama alipasuliwa zamani.

Vipimo na matibabu

Ekografi inaonyesha ukubwa na kina cha kivimbe. Kinachothibitisha ni kipande cha nyama kupimwa kwa darubini. Kipimo hicho ni cha lazima, sababu kansa ya ndani ya tumbo inaweza pia kujitokeza kitovuni.

Matibabu yenyewe ni kuondoa kivimbe chote kwa upasuaji, pamoja na nyama kidogo yenye afya inayokizunguka. Dawa za homoni zinatuliza maumivu, lakini mara nyingi kivimbe kinabaki. Kukitumbua kama jipu hakuponyeshi.

Neno kwa makanisa

Damu inayotoka kitovuni inatisha, na watu wanasema haraka kwamba mama amelogwa ao amepewa sumu. Ugonjwa huu si laana, wala hauambukizi.

Mwanamke wa Marko 5 alitokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga, akaja kwa kujificha. Yesu hakumuuliza dhambi yake. Alimwita binti mbele ya watu wote. Vikundi vya akina mama vifanye vivyo hivyo: waulize kwa upole, wamsindikize dada yao hospitalini, wachange feza za ekografi. Kumwombea na kumpeleka kwa daktari ni kazi moja ya upendo.