Nani alimfundisha mpiga ngoma wa Temeke?

Kabla msomaji wa taarifa ya habari hajafungua kinywa, ngoma hulia kwanza. Mtanzania aliyekulia na redio aliijua midundo ile kabla hajajua kusoma, na wengi waliigonga juu ya madawati, ndoo na masufuria bila kuuliza imetoka mikononi mwa nani. Ni mikono ya Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyezipanga ngoma zipatazo kumi kumzunguka, akazipiga zote peke yake bila moja kumezwa na nyingine. Radio Tanzania Dar es Salaam iliifanya midundo hiyo kuwa kiashiria cha taarifa ya habari, na TBC ikairithi.

Mwalimu huyu hakuhitaji ubao wala rejesta. Darasa lake lilikuwa kila nyumba yenye redio.

Suala la walimu wa ngoma linarudi sasa kwa sababu ya singeli. Muziki uliokulia Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala umefika kwenye majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Mburahati. Wageni wanauliza kasi ile ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika imetoka wapi. Nyumbani maneno ni mengine: vigodoro, zile sherehe za mtaani, kelele usiku kucha, watoto kutolala, viongozi kupiga marufuku. Anayesifu na anayelaani wote wanazungumzia spika. Mikono iliyotangulia spika haimo katika mazungumzo yao.

Mikono hiyo ina historia ndefu kuliko jiji lenyewe. Wazaramo walikuwa na mdundiko, vanga, tokomile na chakacha tangu Temeke na Kinondoni ni mashamba na minazi. Mdundiko ndiyo uliotembea: mwali anapotolewa ndani, ngoma hutoka uani, hushika njia, na watu huifuata mtaa hadi mtaa. Mpaka leo mama wa Mbagala anayeusikia kwa mbali huita watoto ndani mapema, maana mtoto akishaingia kwenye ule msafara atakuja kutafutwa Tandika.

Serikali ya kikoloni haikupenda. Ngoma za mjini ziliwekewa vibali na masharti ya saa, na utaratibu wa kibali haukuondoka na Mwingereza. Mwenye shughuli leo bado anapita ofisi ya serikali ya mtaa. Zama hizohizo za ukoloni vijana wa mjini walikuwa na beni, ngoma iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi, na vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, vyeo na ukubwa wa karamu. Kushindana kwa ngoma, basi, si ugonjwa wa juzi katika mji huu.

Ufundi wenyewe ulifundishwa uani. Mgeni anayeziona ngoma za pwani zikipigwa hudhani nguvu iko begani, kumbe kazi yote iko kwenye kiwiko na kiganja. Msondo, ile ngoma ndefu yenye ngozi upande mmoja, hubanwa katikati ya mapaja na kuinamishwa kidogo ili mdomo wa chini usizibwe na ardhi. Kiganja kizima kikishuka katikati ya ngozi na kuinuka hapohapo, sauti hutoka nzito na huenda mbali. Kikikawia hata kidogo, sauti hufia pale pale. Vidole vilivyobanwa pamoja vikigusa ukingoni, hutoka mlio mkavu. Vidole vikilegezwa na kuachwa vichape, hutoka kofi kali ambalo mchezaji analisikia hata katikati ya vigelegele. Mkono mwingine haupumziki: unaikandamiza ngozi na kuiachia, na hapo sauti hupanda au hushuka. Anayepiga kwa bega huchoka kabla wimbo wa tatu haujaisha, na kesho yake viganja vimejaa malengelenge.

Mwanafunzi kwa kawaida hapewi msondo. Huanza na ngoma ya kushikilia, ile inayorudia pigo moja bila kubadilika, akae nayo mpaka wengine wote waweze kuiegemea. Vumi hufuata, kisha chapuo. Ngoma ya kuongoza huja mwisho, kwa sababu anayeipiga lazima amsome mchezaji: aone bega linapoinuka, ajue mguu utatua wapi, ampe pigo kabla hajaliomba. Pigo hufundishwa kwa mdomo kwanza. Mzee hutamka, mtoto hutamka, ndipo mikono inaruhusiwa kugusa ngozi. Na kabla ya yote kuna moto: nyasi zamani, siku hizi maboksi na magazeti, ngoma ikageuzwa na kusogezwa mpaka ngozi iliyolegea ikaze. Kujua ni sekunde ngapi zinatosha bila kuichana ngozi ni elimu ya pekee, na kijana aliyeharibu ngoma ya watu huikumbuka siku hiyo maisha yake yote.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Akawauliza wasomi waliojua rumba, twist na cha-cha-cha ni wangapi kati yao waliozijua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Baadaye kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, hapa Dar es Salaam.

Kikundi hicho kilizaa aina mpya ya mpiga ngoma. Uani kwao, mtu alitosheka na mkono wa kabila lake. Jukwaani alitakiwa apige sindimba ya Wamakonde, ambayo vinganga vyake hupigwa kwa fito nyembamba. Ahamie kwenye bugobogobo ya Wasukuma yenye ngoma kubwa zinazokwenda na majembe. Aingie kwenye lizombe ya Wangoni. Aielewe muheme ya Kigogo, ambayo kwa wenyewe ni ngoma ya wanawake. Yote hayo jioni moja. Hapo ndipo ulipozaliwa mkono wa Dar es Salaam, mkono wa makabila mengi, na walioumiliki wakawa walimu wa waliofuata. Kuna lililopotea pia. Duara lilifunguliwa ili watazamaji waone, wachezaji wakapangwa mistari, viuno vya sindimba vikapunguzwa makali, na wapigaji wakasogezwa nyuma. Mpiga ngoma aliyezoea kumtazama mchezaji usoni akaanza kumtazama mgongoni.

Mwaka 1981 kazi ya kufundisha ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, leo TaSUBa, na huko ndiko Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003, alikowapitisha wengi. Tamasha la chuo limeendelea karibu kila mwaka, hata baada ya ukumbi wake kuteketea kwa moto mwaka 2002.

Kwa vijana wa Kinondoni na Temeke, hata hivyo, shule kubwa zaidi haikuwa Bagamoyo. Ilikuwa baa.

Miaka ya 1980 makundi ya sanaa yalijaa mjini. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, Mandela, DDC Kibisa na mengine yalizunguka kumbi na baa za pembezoni, yakitoza kiingilio ambacho mfanyakazi wa kawaida alikimudu. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na muziki wa dansi, na mtu alikaa saa nne bila kuona amepoteza fedha. Kwa mpiga ngoma hii ilikuwa mara ya kwanza mtaa wake mwenyewe kumlipa mara kwa mara. Alifanya mazoezi mchana, akapiga usiku, na kijana aliyebeba vyombo akapewa ngoma ya kushikilia mwenye nafasi alipougua. Bendi kubwa nazo zilikopa uani bila kificho: NUTA, baadaye JUWATA, ilishika msondo, Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikajiita Sikinde, kwa jina la ngoma ya Kizaramo.

Kisha yakaja mashindano. Mwaka 1992, nchi iliporudi kwenye vyama vingi, CCM ilipata kundi lake, Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba. TOT ilikuja na vyombo vipya na fedha, ikakutana na Muungano ambayo tayari ilikuwa na watu wake. Silaha ikawa taarabu. Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar, na Nasma Khamis wakawa majina ya ugomvi ambao kila mtaa uliuchukulia upande. Kundi hili likitoa wimbo wa kumchamba mpinzani, lile lilijibu. Waimbaji walivutwa huku na huku, na habari ya nani amehamia wapi ilisomwa magazetini kwa hamu ileile ya usajili wa Simba na Yanga. Ukumbini wanawake walipanga foleni kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, huku wakimtazama jirani waliyemkusudia. Mpambano ukitangazwa, ukumbi ulijaa mapema.

Nani alishinda? Wapenzi wa kila upande wana jibu lao mpaka leo. Aliyeshindwa anajulikana. Siri Lange, mtafiti wa Norway aliyeyafuatilia makundi haya miaka ile, alionyesha jinsi ushindani ulivyoipa taarabu muda na fedha huku ngoma ikipungua. Mmarekani Laura Edmondson, aliyekaa na TOT, Muungano na Mandela, naye aliyaandika makundi hayo kwa kina. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mwenye kundi. Hakuna aliyepanga foleni kwenda kumtunza mpiga vumi. Tena taarabu mpya ya mjini, kama ile ya East African Melody, iliegemea vinanda vya umeme ambavyo pigo limo tayari ndani, halili, haliugui wala halidai nauli ya kurudi Mbagala. Kundi lililokuwa na wapigaji wengi likabakiza wachache, wa kufungulia onyesho watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Makosa hayakuwa ya waimbaji, ambao walikuwa mafundi wakubwa na wanastahili kila sifa. Kosa ni la jiji lililofurahia ugomvi na kuiacha shule yake pekee ya ngoma yenye mshahara ife bila mtu kupiga kelele. Mwongo mmoja ulitosha. Walioanza kama wabeba vyombo hawakupata tena nafasi ya kukaa kando ya mkubwa usiku baada ya usiku, na ufundi wa mikono hauna njia nyingine ya kupita.

Ulipobaki ni uani, ulikotoka. Mwananyamala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilianza Jagwa Music, kundi la mchiriku lenye kinanda kidogo cha Casio, vipaza sauti vilivyochakaa na safu ya ngoma za mkono. Albamu yao, Bongo Hotheads, ilitoka Ulaya mwaka 2012. Ukiwatazama wapigaji wa mchiriku utaona kiganja kilekile cha chakacha kikikimbizwa, na kando yake mtu anayetandika kigoda cha mti kwa fimbo mbili, kwa sababu kigoda kinapatikana na ngoma nzuri ni ghali. Singeli ikaingia kwenye kompyuta na kukata vipande vya taarabu na mchiriku humohumo. Kwa hiyo jibu kwa mgeni anayeuliza kasi ile imetoka wapi si programu ya studio. Imetoka kwa ngoma ya kushikilia, iliyopigwa na kijana asiyeruhusiwa kuibadilisha.

Kwingine wapiga ngoma hualikwa wakati viongozi wanapopokelewa uwanja wa ndege, Mwenge unapopita, na shule zinapojiandaa kwa mashindano ya ngoma ya UMITASHUMTA. Mwalimu wa michezo hutafuta mzee wa jirani, mzee huja kwa wiki chache, watoto hushika pigo, mashindano huisha na mzee hurudi kwake. Kwenye programu iliyochapwa huandikwa jina la shule.

Haya yana dawa, na si ghali. TBC imekalia tepu za Radio Tanzania zenye ngoma za nchi nzima, na kila tepu ikisafishwa na kuandikiwa nani anapiga chombo gani, nusu ya historia hii itapatikana. Watayarishaji wa singeli wanaotaja mwimbaji, DJ na studio wanaweza kumtaja na mpigaji waliyemkata sauti. BASATA, baraza la sanaa la taifa, inasajili wasanii. Imtafute mzee wa Mbagala Kizuiani na Mwananyamala anayejua kuwamba msondo, imwandike kama mwalimu, na TaSUBa, iliyo kilomita zipatazo 70 tu kutoka katikati ya jiji, impe darasa la kudumu na malipo ya mwalimu, si posho ya siku ya tamasha.