Mtoto wa Punda na Kamba ya Bluu: Sehemu ya Kwanza

Leo naanza kisa kipya, na nakuomba jambo moja tu: usimwamini haraka mtu yeyote utakayekutana naye humu ndani. Hata yule mwenye roho nzuri kuliko wote.

Tuko Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde. Ni mwezi wa Juni. Kipupwe kimeingia, mikorosho imeanza kuchanua, na kila alfajiri mashine za kupuliza salfa zinanguruma mashambani.

Bodaboda ikasimama mbele ya nyumba ya Bibi.

Aliyeiendesha ni Mjomba, kitinda mimba wa Bibi. Juu ya tangi la mafuta alikuwa amepakata gunia. Gunia likatikisika.

"Shikamoo, Mama. Nimekuletea mgeni."

"Marahaba. Mgeni gani huyo anayekuja ndani ya gunia?"

Gunia likafunguliwa. Yakachomoza masikio mawili marefu. Ikafuata pua nyeupe. Kisha macho makubwa yaliyojaa woga.

Mtoto wa punda!

Alikuwa wa siku chache tu, kitovu hakijakauka sawasawa. Manyoya ya kijivu, na mgongoni mstari mweusi uliokatiza mabega ukafanya msalaba. Alipolazwa chini alijikunja mpaka pua ikagusa kwato. Mjukuu wa Bibi, binti wa darasa la sita, akasema palepale: "Bibi, mtazame alivyojikunja, kama korosho!"

Basi jina likapatikana. Korosho.

Mjomba akaeleza kwamba alimkuta bondeni, chini ya genge liitwalo Shimo la Mungu, kwenye pori la kuelekea Mto Ruvuma. Alikuwa amesimama kando ya mama yake. Na mama yake alikuwa amekufa, hana ngozi.

Soma tena hapo. Nyama yote ipo. Ngozi tu ndiyo haipo.

Nani huyo anayeua punda, akaacha nyama, akaondoka na ngozi?

Nitakwambia sasa hivi, maana usipolijua hili hutaelewa kwa nini mwisho wa sehemu hii utakunyima usingizi. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, dawa ya asili inayopendwa sana China. Punda wa huko walipopungua, wanunuzi wakageukia Afrika. Na punda hazaliani haraka: hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja. Ukimwinda kwa kasi hiyo, anaisha. Tanzania ikauzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kisha Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaupiga marufuku bara zima kwa miaka 15.

Mlango wa mbele ukafungwa. Wenye tamaa wakahamia porini, usiku.

Shingoni mwa Korosho palikuwa na kipande cha kamba ya manila ya bluu. Ncha yake moja ilikatwa kwa kisu kikali, na pale pale penye mkato palikuwa na doa la rangi nyekundu. Nusu ya doa, tuseme. Bibi akaifungua ile kamba, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Tuiache hapo kwanza. Lakini usiisahau.

*

Siku hiyo Korosho alikunywa vizuri. Bibi alipata maziwa ya ng'ombe kwa jirani, akayapasha moto yakawa vuguvugu, akayatia kwenye chupa yenye chuchu. Watu wakacheka, watoto wakashangilia.

Usiku tumbo likachafuka.

Kulipokucha mkia wa Korosho ulikuwa umelowa chapachapa. Kinyesi kimekuwa maji matupu, ya njano, yenye harufu kali. Kufika jioni manyoya ya mapajani yameanza kunyonyoka, na ngozi iliyobaki ilikuwa nyekundu, imeungua kwa uharo.

Majirani wakaja, kila mmoja na lake.

Wa kwanza akasema ni salfa, imepeperushwa ikatua kwenye majani. Lakini Korosho alikuwa hajatia jani hata moja mdomoni!

Wa pili akasema ni mbung'o wa bondeni. Hofu hiyo ina mizizi. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana katika nchi hii hii ya kusini, na katika vita ile mbung'o aliwamaliza farasi, nyumbu na punda wao kwa maelfu.

Wa tatu akainama sikioni kwa Bibi, akanong'ona: "Hapa kuna mkono wa mtu."

Msomaji wangu, huyo wa tatu aliukaribia ukweli kuliko alivyojua mwenyewe. Ila mkono wenyewe haukuwa ule aliokuwa akiufikiria.

Bibi akatuma aitwe Bwana Mifugo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie mgeni wangu, ananiponyoka."

Bwana Mifugo akapiga magoti. Akauinua mdomo wa juu wa Korosho, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pale mahali pamekuwa peupe. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Mnyama mwenye maji ya kutosha mwilini, wekundu wa ufizi hurudi ndani ya sekunde mbili.

"Moja. Mbili."

Bado peupe.

"Tatu. Nne."

Ndipo rangi ikaanza kurudi, tena kwa kusitasita. Akaibana ngozi ya shingo, akaiachia. Ikabaki imesimama, haikurudi chini. Akaweka kipimajoto, akakisoma: nyuzi 38.4.

"Homa hana, tumshukuru Mungu. Ila amekauka. Bibi, huyu alinyonya dang'a kwa mama yake?"

Nani angejua? Bibi akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama chini.

Swali hilo lilikuwa zito. Mtoto wa punda huzaliwa na kinga ndogo mno. Kinga yake imo ndani ya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na asipoyapata ndani ya saa 24 za kwanza, utumbo hauwezi tena kuipokea. Kama mama yake alichunwa kabla hajamnyonyesha, basi Korosho alikuwa vitani bila ngao.

Bwana Mifugo akatoa maagizo, na Bibi akamtaka mjukuu ayaandike kwenye daftari.

Maziwa yapumzishwe kwa saa chache. Apewe maji ya ORS, yale yale wanayopewa watoto zahanati: pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo. Kisha aanze maziwa ya mbuzi, ambayo watoto wa punda wengi huyapokea vizuri. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Anywe akiwa amesimama, shingo isivutwe juu, maana maziwa yakipotea njia yakaingia mapafuni, itakuja nimonia. Mapaja yaoshwe kwa maji ya vuguvugu, yakaushwe, yapakwe mafuta mazito ya kujipaka.

"Na la mwisho," akasema akiwa amekwisha simama. "Punda huyaficha sana maumivu yake. Mkimwona anageuza shingo kuutazama ubavu wake na kusaga meno, msisubiri kukuche."

Andika na wewe hilo la mwisho. Litakuja kuhitajika.

*

Maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni. Siku hiyo bomba lilikauka. Bibi alikuwa na ndoo moja ya kupikia. Akaimimina yote kwenye sufuria ya Korosho, na jioni hiyo nyumba ikala mihogo ya kuchoma.

Kesho yake mchana Korosho akapata nafuu. Akasimama. Masikio yakainuka.

Alfajiri, kuharisha upya.

Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Mchana nafuu, alfajiri uharo umerudi, tena mkali zaidi. Maziwa yale yale, mbuzi yule yule, chupa ile ile inayochemshwa kila mara.

Kitu gani kilikuwa kinaingia ndani ya nyumba ile usiku?

Bwana Mifugo aliporudi hakumtazama Korosho kwanza. Alichuchumaa, akatazama sakafu. Safu nyembamba ya sisimizi ilitoka kwenye ufa wa ukuta, ikapita chini ya kitanda cha kamba, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye chupa ya maziwa. Kwenye chuchu walikuwa wamesongamana mpaka imekuwa nyeusi.

"Bibi," akauliza taratibu, "usiku anayemlisha ni nani?"

Kimya. Kisha kilio.

Mjukuu alikuwa amejifunika uso kwa kanga. "Mimi, Bwana Mifugo. Nilikuwa namtilia sukari. Vijiko viwili. Nilisikia maziwa ya punda ni matamu kuliko ya ng'ombe. Nikaona anakonda, nikamwonea huruma."

Na alichosikia kilikuwa kweli! Maziwa ya punda yana mafuta kidogo na utamu wa asili mwingi kuliko ya ng'ombe. Lakini utamu huo ni sukari ya maziwa, ambayo tumbo la mtoto wa punda limeumbwa kuisaga. Sukari ya dukani ni kitu kingine. Kwa mtoto mchanga wa punda, nguvu ya kuisaga bado haijajengeka. Hupita ikiwa nzima, ikachacha huko mbele, ikavuta maji ya mwili kuingia utumboni, na yote yakatoka kwa nyuma. Kila kijiko cha upendo kilikuwa kinamkausha Korosho.

Bwana Mifugo akamwondoa yule binti kanga usoni. "Hukukosea kumpenda, mwanangu. Kilichokosekana ni kuuliza. Sasa umejua, na utakuwa muuguzi wake mkuu."

Naye akawa. Ningependa kila mwenye mnyama mgonjwa nyumbani alishike somo la binti huyu, maana wanyama wengi huuawa na watu wanaowapenda. Huruma inataka ujuzi wa kuishika mkono.

Lakini Korosho alikuwa amepoteza maji mengi mno. Ilihitajika dripu, na duka la dawa za mifugo la karibu halikuwa nayo siku ile. Ilibidi mtu ateremke Masasi, kule kwenye majabali, airudishe usiku huo huo. Bwana Mifugo angekuja kuitundika, apigiwe simu tu.

"Nakwenda mimi," Mjomba akasema, kabla hajaombwa.

Akawasha pikipiki, akaondoka kwa haraka kubwa. Haraka iliyomfanya asahau simu yake ya kitochi kwenye chaji.

*

Usiku ulikuwa wa baridi. Bibi na mjukuu wakapokezana. Maji ya ORS, saa mbili. Maziwa ya mbuzi bila chembe ya sukari, saa mbili. Osha, kausha, paka mafuta.

Karibu na usiku wa manane Korosho akajikusanya, akainuka mwenyewe. Akapiga hatua tatu. Akajisaidia.

Binti akamulika tochi, akapiga ukelele: "Bibi! Kizito! Kimekuwa kizito!"

Hakuna aliyewahi kukifurahia kinyesi namna ile. Bibi akapiga kigelegele cha chini kwa chini, asiamshe majirani. Korosho akaisukuma chupa kwa pua, akaomba zaidi.

Ungeweka kalamu chini hapo, sivyo? Ungesema kisa kimekwisha, mgonjwa amepona?

Subiri.

Bibi akataka Korosho afungwe blanketi, baridi isimrudishe nyuma. Ikatafutwa kamba. Binti akaitwaa ile ya bluu kwenye msumari. Fupi. Akaenda chumbani kwa Mjomba, anakohifadhi kamba za kufungia mizigo. Chini ya godoro kuukuu mkono wake ukagusa kitu kilichoviringishwa.

Kamba ya manila. Ya bluu.

Ncha yake ilikatwa kwa kisu kikali. Na pale penye mkato palikuwa na nusu ya doa jekundu.

Akaziunganisha ncha mbili chini ya mwanga wa tochi. Nusu ikaikuta nusu yake. Doa likawa zima.

Papo hapo kitochi kikalia kwenye chaji. Ujumbe. Namba haina jina.

"Tumeshakutana naye Masasi, tunapanda wote. Mtoto yuko hai? Tunamhitaji leo leo. Bi mkubwa asijue."

Magoti yakamlegea. Akarudi mbio sebuleni, kamba mikononi. "Bibi! Mjomba…"

Hakumaliza. Nje palisikika mlio wa pikipiki. Na nyuma ya pikipiki, mlio mzito wa lori. Taa zikapita kwenye ufa wa dirisha, zikakata ukuta, zikazima.

Hatua. Kisha sauti aliyoizaa Bibi mwenyewe: "Mama, nifungulie. Dripu nimeipata."

Wakati huo huo Korosho akayumba. Miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka kwa ubavu. Akageuza shingo, akautazama ubavu wake. Na katika ukimya ule wakasikia meno yakisagana.

Msisubiri kukuche, Bwana Mifugo alisema.

Dawa ya Korosho iko nje ya mlango. Na pengine kisu cha Korosho kiko nje ya mlango huo huo. Bibi ameshika komeo. Mjukuu amemshika Bibi mkono, anatikisa kichwa: usifungue.

"Mama!" Mlango ukagongwa kwa nguvu. "Fungua upesi, muda hatuna!"

Wewe ungefungua?

ITAENDELEA

Jumamosi ijayo: nani yuko ndani ya lori, ni nani aliyeitia ile kamba rangi nyekundu, na kwa nini Bwana Mifugo alipopigiwa simu aliuliza kwanza, "Mjomba amekuja peke yake?"