Kujifunza Kamera ya Video katika Uwanda wa Kati

Kamera ya watumiaji wa kawaida iliyounganisha lenzi na kinasa mkanda katika chombo kimoja iliingia sokoni mwaka 1983, Sony ilipotoa Betamovie. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo huku Dodoma, kutoka mjini hadi vijiji kama Haneti, ufundi wa kupiga video ulikua zaidi kwenye harusi, kipaimara na misiba kuliko studioni.

Kijana alibeba taa na nyaya nyuma ya mpiga picha, akatazama, kisha siku moja akakabidhiwa kamera. Kijitabu cha maelekezo kiliandikwa kwa Kiingereza, hivyo mwalimu wa kweli alikuwa fundi. Yeye ndiye aliyejua yale ambayo kiwanda hakikuyaandika: jua la adhuhuri linavyofifisha sura, upepo mkavu unavyovuma ndani ya maikrofoni, vumbi la kiangazi linavyochafua vichwa vya kusoma mkanda.

YouTube, iliyoanzishwa 2005, ilileta somo linaloweza kusimamishwa na kurudiwa, baadaye hata kwa Kiswahili na kwenye simu. Ni msaada mkubwa, ingawa vumbi la Dodoma bado hufundishwa vizuri zaidi na aliyelifuta.